Timu Ndogo Humshindaje Bingwa?

Ndugu msomaji, hapa kwetu West Nile ni mambo machache yanayowakusanya watu upesi kama mpira wa miguu. Siku ya Jumamosi alasiri, iwe ni Arua mjini au Koboko karibu na mpaka, utawaona askari waliomaliza zamu, akina mama waliobeba watoto mgongoni, wauzaji wa karanga na maembe, na wazee wenye bakora zao, wote wakielekea upande mmoja. Na kabla filimbi ya kwanza haijalia, watazamaji huwa wamekwisha kutoa hukumu. "Hawa leo watafungwa mengi," husema, kwa sababu upande mmoja una viatu vipya, vijana warefu na jina kubwa, na upande wa pili hata jezi zake hazilingani rangi.

Aghalabu hukumu hiyo huwa sahihi. Lakini ziko siku ambapo hupinduka, wenye jina kubwa wakaondoka uwanjani wameinamisha vichwa, na wale wa jezi zisizolingana wakabebwa mabegani. Hapo mabishano huanza. Mmoja husema ilikuwa bahati, mwingine husema refa aliwapendelea, na wa tatu hunong'ona kwamba walikwenda kwa mganga usiku. Ni wachache wanaouliza swali lenye faida: watu wale walifanya nini hata wakaweza kusimama mbele ya aliyewazidi?

Swali hilo haliwahusu wachezaji peke yao. Kikosi cha askari wachache waliopewa kazi kubwa, na jamaa ya nyumbani inayoishi kwa mshahara mmoja mdogo, wote wamo katika hali ya timu ndogo. Nitajaribu kulijibu kwa yale niliyoyaona nilipokuwa mwalimu, na kwa mifano ya timu zetu ambazo habari zake zinajulikana.

SOMO LILILOKUJA KWA AIBU

Kabla ya kuajiriwa katika ofisi ya wilaya, nilikuwa mwalimu wa shule huko Koboko. Cheti changu cha ualimu kilikuwa bado kipya, nami nikapewa kazi ya kusimamia michezo kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko walimu wenzangu. Mwaka 2011 tulialikwa kucheza na shule moja kubwa ya Arua. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi. Tulisafiri nyuma ya lori kiasi cha kilometa 55, tukafika nyuso zetu zikiwa nyekundu kama matofali.

Tulikuwa tumejiandaa vibaya, ingawa hatukujua. Fedha kidogo tulizozichanga, ambazo zingetosha kununua mipira miwili, zilipelekwa kwa mtu mmoja aliyedai kwamba ataifunga miguu ya wapinzani wetu. Vijana walikesha wakiimba, maana tulidhani kuimba usiku kucha ndiko kujipa moyo. Asubuhi walikunywa chai kavu, wakapanda lori. Na mimi mwalimu wao, maneno pekee niliyowapa yalikuwa haya: "Nendeni mkapigane kama simba." Sikumwambia hata mmoja wao asimame wapi, amlinde nani, wala afanye nini mambo yakienda mrama.

Dakika chache tu baada ya mchezo kuanza, mpira mwepesi ulimponyoka mlinda mlango wetu ukaingia wavuni. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 16, mtoto wa konstebo wa polisi. Wenzake walimgeukia wakamfokea. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nilifoka kuliko wao. Nikiwa nimesimama pembeni mwa uwanja, mbele ya watu wote, nilimwambia kwamba mikono yake haifai hata kushika jembe.

Tangu dakika ile hatukuwa timu tena. Kila mmoja alicheza kwa hofu ya kulaumiwa. Beki aliupiga mpira popote, mradi tu usipotelee miguuni pake. Mshambuliaji alijificha nyuma ya wapinzani ili asipewe pasi. Tulifungwa mabao 6 kwa 0. Nikikumbuka sasa, wapinzani wetu walikuwa wazuri, lakini hawakuwa wazuri kwa mabao sita. Moja walilifunga kwa haki, na mengi katika yale matano yaliyofuata tuliwapa sisi wenyewe kwa kulaumiana.

Jumatatu iliyofuata yule kijana hakuja mazoezini. Wala hakuja juma la pili, wala la tatu. Niliambiwa kwamba amekwisha kuacha mpira.

KORONGO WA MWAKA 1978

Baada ya aibu ile nilianza kuuliza wazee na kutafuta habari za timu zilizowahi kuwashinda wakubwa. Sikuhitaji kwenda mbali. Timu ya taifa letu yenyewe, Cranes, yaani Korongo, ina mfano ambao kila mtoto wa Uganda angefaa kuusimuliwa.

Kabla ya mwaka 1978, Uganda ilikuwa imekwisha kwenda katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne, katika miaka ya 1962, 1968, 1974 na 1976. Katika safari zote hizo haikushinda hata pambano moja. Machi 1978 ikaenda tena, safari hii nchini Ghana, ikiongozwa na mwalimu Peter Okee. Ikawekwa katika kundi la mji wa Kumasi pamoja na Kongo, Tunisia na Morocco. Morocco ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, kwa kuwa ilikuwa imelitwaa kombe miaka miwili kabla.

Korongo waliifunga Kongo 3 kwa 1, ukawa ushindi wao wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Kisha wakapigwa na Tunisia 3 kwa 1. Hapo ndipo penye somo. Timu yenye historia kama ile ingeweza kusema, "Tumekwisha kurudi kule kule tulikozoea," na mechi iliyobaki ilikuwa dhidi ya bingwa wa Afrika. Badala yake, Uganda iliifunga Morocco mabao 3 kwa 0. Katika nusu fainali ikaitoa Nigeria kwa 2 kwa 1. Ilishindwa katika fainali tu, na wenyeji Ghana, mabao 2 kwa 0. Philip Omondi alimaliza akiwa mmoja wa wafungaji watatu bora wa mashindano yale, kila mmoja wao akiwa na mabao 3.

Uzito wa kazi ile tunaupima kwa muda uliopita baadaye. Uganda haikuzifikia tena fainali hizo hadi mwaka 2017, baada ya miaka 39.

Katika habari hiyo, mimi naona jambo moja kubwa kuliko mengine. Kuifunga Kongo kulihitaji ufundi. Kuifunga Morocco, siku chache baada ya kupigwa na Tunisia, kulihitaji kitu cha ziada, nacho ni timu kutovunjika baada ya pigo. Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba timu ndogo humshinda bingwa pale inapokuwa imekubaliana mapema, kabla ya siku ya pambano, juu ya kazi ya kila mmoja na juu ya yale watakayoyafanya wakipigwa. Bingwa anaweza kukuzidi mbio, urefu na ufundi. Makubaliano yenu hawezi kuwanyang'anya, isipokuwa mkiyavunja wenyewe.

VYEO VIBAKI NJE YA UWANJA

Wasomaji wetu walio katika majeshi wana historia ya kujivunia katika jambo hili. Ligi ya taifa ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1968, bingwa wake wa kwanza alikuwa timu ya Magereza. Timu ya jeshi, Simba, ilitwaa ubingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika. Huko ilikutana na Hafia ya Guinea, timu ambayo baadaye ililitwaa kombe hilo tena mara mbili, mwaka 1975 na 1977. Simba ilifungwa 4 kwa 2 ugenini na 3 kwa 2 nyumbani. Ilishindwa, lakini yafaa ifahamike kwamba ilimfunga bingwa yule mabao 4 katika mapambano mawili. Nayo timu ya Polisi ilitwaa ligi mwaka 2005, na mwaka 2006 ikalichukua Kombe la Kagame, ambalo hushindaniwa na klabu za Afrika Mashariki na ya Kati.

Timu za askari zina faida ambayo timu za mitaani hazina. Watu wake wamezoea kuamka mapema, kutii wito na kufanya mazoezi ya mwili kila siku. Lakini zina hatari yake pia, nayo ni cheo. Sote tumeona mechi za kambini ambapo afande mwenye kitambi huwekwa mbele acheze kwa kuwa ni afande, na kuruta mwenye mbio hukaa benchi. Tumeona pia sajini akidai pasi ambayo hakustahili kupewa, na askari wa chini akimpa kwa woga, ilhali mwenzake amesimama peke yake mbele ya lango.

Dhidi ya timu dhaifu, kosa la namna hiyo husamehewa. Dhidi ya timu kubwa halisamehewi. Mkubwa anayependa timu yake hana budi kusema waziwazi, tena mbele ya wote, kwamba ndani ya mistari minne ya uwanja anayeongoza ni nahodha, hata kama nahodha huyo ni koplo. Akisema hivyo, huwa ameiongezea timu yake mchezaji mmoja bila gharama.

KAZI NDOGO YA KILA MTU

Kandanda ina tabia moja inayomsaidia mnyonge. Katika mpira wa kikapu pointi huwa nyingi sana, hivyo aliye bora hudhihirika kabla ya mwisho. Katika kandanda, bao moja laweza kuamua dakika tisini. Kwa hiyo timu ndogo haihitaji kuwa bora kuliko bingwa mchezo mzima. Yatosha imzuie kwa muda mrefu, na itumie vizuri nafasi zake mbili au tatu.

Kuzuia huko si kujazana langoni kama kuku walioona mwewe. Ni kukaa karibu karibu. Mimi niliwafundisha vijana wangu kwamba kutoka kwa beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele zisizidi hatua arobaini. Mpira ukienda kulia, wote wasogee kulia. Ukienda kushoto, wote wasogee kushoto, kama watu waliofungwa kamba moja kiunoni. Bingwa mwenye chenga humpita mtu mmoja kwa urahisi, lakini akimpita huyo akamkuta wa pili hatua tano nyuma, na wa tatu pembeni, hata yeye huchoka.

La pili ni mipira iliyosimama, yaani kona na mipira ya adhabu. Hapo mbio za mpinzani hazimsaidii sana, kwa maana wote wamesimama. Timu ndogo inayofanya mazoezi ya kona moja, kwa namna ile ile, jioni baada ya jioni, huwa na silaha ambayo haihitaji viatu vya bei. Kadhalika, beki wake wajifunze kutomwangusha mpinzani karibu na eneo la hatari, kwa kuwa bingwa hupenda zawadi hiyo.

La tatu ni kumheshimu refa. Timu inayobishana na refa hupoteza nguvu za kinywa na za miguu kwa pamoja, na ikipewa kadi nyekundu hubaki watu kumi dhidi ya mkubwa. Nani ataweza kuuinua mzigo huo?

Katika kukubali hali mliyopewa, polisi wa Uganda wanaye mfano wao, ingawa mchezo wake ulikuwa mbio. Marehemu John Akii-Bua, aliyekuwa askari polisi, alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huichukia kwa sababu kona zake ni kali. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia. Lakini Akii-Bua alikuwa amejizoeza kukimbia amevaa fulana yenye uzito, hivyo ugumu haukuwa mgeni kwake. Septemba 2, 1972, alishinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ugumu wote alikuwa amekwisha kuuzoea nyumbani, kabla ya siku yenyewe.

PIGO LA KWANZA

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilituangusha sisi. Timu nyingi ndogo hazishindwi na bao la kwanza. Hushindwa na dakika tano zinazofuata bao hilo. Wachezaji hutazamana, vidole hunyooshwa, nahodha hufoka, na kabla hawajakaa sawa bao la pili limeingia. Kwa hiyo makubaliano yanayohusu dakika hizo tano yana thamani kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo.

Kukubaliana huko si jambo kubwa. Mwenye kosa asiulizwe. Mchezaji aliye karibu naye amwinue. Nahodha auchukue mpira mwenyewe wavuni, autembeze polepole hadi katikati, ili wenzake wapate pumzi. Kisha kwa dakika tano wote wacheze pasi fupi tu, bila kukimbilia kulipiza. Lawama ziahirishwe hadi Jumatatu. Na Jumatatu ikifika, mtaona kwamba nyingi zimekwisha kupungua zenyewe.

Tazameni Zambia. Mwaka 1993 ndege iliyochukua timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na wote waliokuwamo wakafa. Hakuna pigo kubwa kuliko hilo. Miaka 19 baadaye, Februari 2012, Zambia ilicheza fainali ya Afrika katika mji ule ule wa Libreville dhidi ya Ivory Coast, timu iliyojaa wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya. Didier Drogba mwenyewe alikosa penalti katika muda wa kawaida. Wazambia hawakuvunja mpango wao wala hawakuona haraka. Dakika 120 zikaisha bila bao, nao wakashinda kwa penalti 8 kwa 7. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

NYUMBANI NDIKO ZINAKOANZIA

Akina mama na akina baba, msidhani makala haya hayawahusu. Sehemu kubwa ya matayarisho hufanyika nyumbani.

Kwanza ni usingizi. Kijana anayekesha kabla ya pambano huingia uwanjani akiwa ameacha nusu ya nguvu zake kitandani. Mzazi amhimize alale mapema, naye asitumwe shamba au sokoni asubuhi ya siku hiyo.

Pili ni chakula. Si lazima nyama. Ugali wa muhogo na mtama, maharage, na mboga za majani zilizoungwa kwa ufuta, vyote vinavyopatikana katika masoko yetu, vyatosha sana. Ale chakula kamili saa tatu au nne kabla ya kucheza, wala asile shibe ya sherehe dakika za mwisho. Maji safi yachemshwe mapema, yapoe, yajazwe katika jerikeni ya timu. Jua la West Nile halina huruma, na kijana asiyekunywa maji hushikwa na misuli katika kipindi cha pili, wakati ule hasa ambapo bingwa huanza kukimbia.

Tatu ni fedha. Shilingi iliyopelekwa kwa mganga ni shilingi iliyopungua katika mipira, soksi na dawa ya vidonda. Tena dawa ya mganga ina ubaya mwingine: vijana wakifungwa bao la kwanza huona dawa imeshindwa, nao hukata tamaa mara mbili.

Nne ni maneno. Mtoto aliyekosea uwanjani huwa amekwisha kujihukumu kabla hajafika nyumbani. Akikuta baba mezani anarudia kosa lake mbele ya wadogo zake, na majirani wanacheka mlangoni, tusishangae akiacha mchezo, au akaanza kuogopa kila kazi yenye watu wanaotazama.

Na haya yote ni kwa wasichana pia. Timu yetu ya taifa ya mpira wa pete, She Cranes, ilimaliza ya tano duniani katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 huko Cape Town. Naye Dorcus Inzikuru, mwanariadha wetu wa Arua, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mjini Helsinki mwaka 2005. Msichana anayenyimwa saa moja ya mazoezi kwa sababu ya vyombo, huenda ananyimwa jambo kubwa kuliko tunavyodhani.

Nguvu ya watu wa nyumbani tumekwisha kuiona kwa macho. Onduparaka, timu iliyoanzishwa mwaka 2011 na kubeba jina la kijiji cha hapa hapa Arua, ilipanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016. Haikuwa na utajiri wa timu za Kampala. Ilichokuwa nacho ni watu. Uwanja wa Greenlight ulijaa, na mashabiki wake waliifuata hata katika safari ndefu za kwenda Kampala, wakajulikana nchi nzima. Katika msimu wake wa kwanza vigogo waliona taabu kuishinda, na mshambuliaji wake Muhammad Shaban alichukuliwa na KCCA mwaka 2017, kisha akaenda Raja ya Casablanca. Baadaye timu hiyo ilishuka daraja, maana moto wa mashabiki hauwezi peke yake kulisha timu kila mwaka. Lakini ilionyesha kwamba mtoto wa Arua hana sababu ya kuingia uwanjani ameshindwa tayari.

SAFARI YA PILI

Nirudi kwa yule kijana wetu wa Koboko. Mwaka 2012 tulialikwa tena na shule ile ile. Sikuwa na mlinda mlango mwingine wa kulingana naye, lakini hiyo haikuwa sababu ya pekee. Nilijua kwamba nisipomwendea nitakuwa nimewafundisha wanafunzi wangu somo baya kuliko yote niliyowahi kuliandika ubaoni.

Nilikwenda kambi ya polisi jioni moja. Mama yake alikuwa akichambua maharage mlangoni. Alinipa kiti, akanikaribisha kwa heshima kuliko nilivyostahili, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto wangu hasemi siku ile ilikuwaje. Lakini kila nikimtuma jembe, huniletea akatazama chini." Nikafahamu kwamba maneno yangu yalikuwa yamefika mpaka nyumbani kwao, yakakaa.

Baba yake alipotoka kazini nilimwomba radhi mbele ya mwanawe. Haikuwa rahisi. Sisi walimu hatukuzoea kuomba radhi kwa watoto, na konstebo yule alinyamaza kwa muda mrefu akifungua mkanda wake. Mwishowe akamwambia mwanawe, "Umemsikia mwalimu. Sasa ni shauri lako." Siku ya tatu kijana akaja mazoezini.

Safari hii hatukumpelekea mganga chochote. Tulinunua mipira miwili. Kwa miezi miwili tulifanya kona ile ile na kujifunza kusogea pamoja. Nahodha alichaguliwa na wachezaji wenyewe. Tena tulikubaliana juu ya dakika tano, tukazifanyia mazoezi: nilikuwa napuliza filimbi ghafla na kusema, "Tumefungwa," nao wakaonyesha watakachofanya.

Arua tulifungwa bao mapema, karibu na dakika ile ile ya mwaka uliopita. Watazamaji walianza kuhesabu: "Moja! Bado tano!" Nilimtazama mlinda mlango wetu, alikuwa amepiga magoti. Beki wa kulia, ambaye mwaka uliopita ndiye aliyemfokea kuliko wote, alimshika mkono akamwinua. Nahodha akautoa mpira wavuni, akautembeza polepole hadi katikati huku watu wakimzomea. Mimi nilifumba kinywa changu, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizozifanya siku ile.

Hawakutufunga tena. Yule kijana aliokoa mipira ambayo sikuthubutu kuitazama. Katika kipindi cha pili tukapata kona, tukaipiga kama tulivyozoea, na kiungo wetu mfupi, ambaye hakuna aliyejisumbua kumlinda, akasawazisha kwa kichwa. Mchezo ukaisha 1 kwa 1.

Msomaji ataniambia kwamba sare si ushindi. Ni kweli. Lakini filimbi ya mwisho ilipolia, wenyeji ndio waliokuwa wakilaumiana. Vijana wetu walikuwa wamekusanyika langoni kwao, wakimpigapiga mgongoni mlinda mlango. Tulipofika Koboko usiku, lori lilisimama kwanza mbele ya kambi ya polisi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na taa mkononi, akingoja kujua atampokea mtoto gani.

Basi, ndugu msomaji, Jumamosi ijayo utakaposimama kando ya uwanja na timu yako ikafungwa bao la kwanza, huenda kinywa chako kitataka kusema neno. Lizuie kwa dakika tano. Umoja ni nguvu, na unaonekana zaidi wakati wa kupigwa kuliko wakati wa kushangilia.